Sarajevo 1984: picha za theluji na zilichoacha nje

Kila zinapotundikwa upya picha za Olimpiki ya Majira ya Baridi ya 1984 mjini Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Yugoslavia, swali ni lilelile: zionyeshwe peke yake, au zipangwe bega kwa bega na picha za mji huohuo ukipigwa mizinga miaka minane baadaye?

Wanaotaka zichanganywe wana hoja nzito. Ukumbi wa Zetra, ambamo Torvill na Dean wa Uingereza walicheza barafuni wakamiminiwa alama za 6.0, za juu kabisa, uliteketea vita vilipoanza 1992. Mbao za viti vyake zikachongewa majeneza, na uwanja wa jirani ukawa makaburi. Mlimani Trebević, njia ya zege ya bobsledi (mbio za sleji kwenye barafu) iligeuzwa ngome ya mizinga. Jumba la makumbusho ya Olimpiki nalo lilipigwa, likaja kufunguliwa tena 2020. Kumwonyesha mtu theluji na tabasamu ukayanyamazia hayo ni kumkaribisha sebuleni huku umefunga mlango wa chumba chenye msiba.

Hata hivyo naegemea upande wa pili. Vita vya Sarajevo mgeni anavijua kabla hajashuka kwenye ndege. Asichokijua ni habari ya Jure Franko. Tarehe 14 Februari 1984, Mslovenia huyu alitwaa fedha katika slalomu kubwa (mbio za skii za kuteremka mlima), medali ya kwanza ya Yugoslavia kwenye Olimpiki ya baridi. Mashabiki wakaja na kibwagizo: “Volimo Jureka više od bureka”, yaani tunampenda Jurek kuliko burek. Burek ni unga mwembamba kama wa manda za sambusa, unaviringishwa na nyama ndani kisha unaokwa, na Mbosnia hamtangulizi mtu mbele ya burek hivihivi. Miaka saba baadaye Slovenia ilijitenga na Yugoslavia. Anayejua hilo, picha ya Wasarajevo wakimshangilia Franko kama mtoto wa nyumbani inamchoma hata bila picha ya kaburi pembeni.

Ninachozidai picha hizi ni yale yaliyotangulia michezo. Tito, kiongozi wa Yugoslavia, alikuwa amefariki 1980, nchi imelemewa na madeni ya nje, petroli inauzwa kwa kuponi na kahawa imeadimika. Kahawa, katika mji ambao mgeni hakai dakika tano bila kuwekewa kikombe! Hayo huyaoni ukutani. Unamwona Vučko, yule mbwa mwitu wa katuni aliyekuwa nembo ya michezo, na skafu yake shingoni. Ndiyo maana wapo wanaoondoka wakiamini ilikuwa nchi ya raha, ikavunjika ghafla kama glasi.

Kwa hiyo picha za vita zibaki chumba chao. Hapa, kati ya Franko na Vučko, ningetundika kuponi moja ya petroli.