Marie Tharp na ufa wa Atlantiki: nani alimdhulumu?

Ukitoka Nairobi kwenda Naivasha kwa barabara ya chini, kabla hujaanza kuteremka Mai Mahiu, kuna mahali ukingoni ambapo wauza kofia za ngozi ya kondoo wamejenga vibanda vyao. Simama hapo asubuhi. Nchi inakatika miguuni pako, chini ni uwanda, Longonot imekaa upande mmoja, na ng'ambo, kwa mbali, ukuta wa Mau. Kuta mbili na shimo katikati. Ndilo Bonde la Ufa, na hata mtoto wa shule akiliona anaelewa kwamba hapa ardhi imepasuka.

Mwaka 1952 Marie Tharp, mwanajiolojia na mchora ramani wa Marekani, aliona umbo hilo hilo katikati ya Bahari ya Atlantiki. Aliliona kwenye tarakimu, akiwa amekaa mezani New York, kwa sababu wakati huo wanawake hawakuruhusiwa kupanda meli za utafiti za maabara aliyoifanyia kazi. Ugunduzi huo ulichangia sana kuwashawishi wanasayansi kwamba mabara hutembea. Hata hivyo, kwa miaka mingi jina lake lilibaki nyuma ya majina ya wanaume wawili, Bruce Heezen, mwanajiolojia aliyefanya naye kazi, na Maurice Ewing, mkuu wa maabara hiyo. Siku hizi anasimuliwa mara nyingi, na karibu kila mara kama hadithi ya wizi: msichana aligundua, bosi akachukua. Namheshimu Tharp kuliko wanasayansi wengi ninaowajua, na kwa sababu hiyo hiyo hadithi hiyo hainitoshi.

Tuanze na kazi yenyewe. Tharp alizaliwa mwaka 1920 Michigan, baba yake akiwa mchora ramani za udongo wa serikali ya Marekani. Vita vilipowaondoa wanaume vyuoni, Chuo Kikuu cha Michigan kiliwafungulia wanawake milango ya jiolojia, naye akaingia. Baadaye aliongeza shahada ya hisabati. Mwaka 1948 aliajiriwa Chuo Kikuu cha Columbia, kwa Ewing, na mtu mwenye sifa zote hizo akapewa kazi ya kuchora na kukokotoa kwa niaba ya wengine.

Data zilitoka melini. Chombo kinapiga sauti, sauti inagonga sakafu ya bahari, mwangwi unarudi. Katika maji ya bahari sauti husafiri takriban mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo mwangwi ukichukua sekunde 4 kwenda na kurudi, kina ni kama mita 3,000. Meli ikivuka bahari inarudi na maelfu ya vipimo vya namna hiyo. Heezen alimletea Tharp marundo ya vipimo, naye akavipanga kimoja kimoja mpaka akapata michoro sita ya Atlantiki ya Kaskazini, kila mmoja ukionyesha bahari kama mkate uliokatwa toka upande mmoja hadi mwingine. Alipoipanga mmoja chini ya mwingine, vilele vya safu ya milima iliyo chini ya bahari hiyo havikulingana. Kilicholingana ni mpasuko wa umbo la V katikati ya safu ile ya milima, mchoro baada ya mchoro.

Alimweleza Heezen. Heezen akamjibu kwamba hayo ni maneno ya kisichana. Alisema pia kwamba jambo hilo linafanana mno na nadharia ya mabara kutembea.

Hapo ndipo mizani inapaswa kushikwa kwa utulivu, kwa sababu Heezen alitoa majibu mawili kwa mpigo mmoja. La pili lilikuwa na msingi. Alfred Wegener wa Ujerumani alitangaza nadharia hiyo mwaka 1912, na miaka 40 baadaye wanajiolojia wengi wa Marekani walikuwa bado wanaicheka. Ewing mwenyewe hakuikubali. Michoro sita kwa bahari nzima ni michache, na kijana anayejenga jina hawezi kutangaza kwa michoro sita kwamba dunia inapasuka. Kudai ushahidi zaidi ni wajibu wa mwanasayansi. Jibu la kwanza, hata hivyo, halina utetezi wowote. Lilimpima aliyesema badala ya kupima kilichosemwa.

Ushahidi ulikuja kutoka meza ya jirani. Howard Foster, mchoraji kiziwi, alikuwa akiweka kwenye ramani vitovu vya matetemeko ya ardhi, kwa sababu kampuni ya simu ilitaka kujua wapi pa kulaza nyaya zake chini ya bahari pasipo hatari. Ramani zote mbili zilikuwa za kipimo kimoja. Zilipowekwa moja juu ya nyingine, matetemeko ya Atlantiki yalijipanga ndani ya ufa wa Tharp. Ufa huo pia ulifanana na bonde letu la Afrika Mashariki, ambako nako ardhi hutetemeka. Walifuata matetemeko bahari hadi bahari, na kutoka Bahari ya Hindi ufa uliingia Ghuba ya Aden kuelekea nchi kavu, upande wetu. Jumla yake ni safu ya zaidi ya kilomita 60,000 kuizunguka dunia. Heezen alikubali, na mtu anayekubali kubadilika mbele ya ushahidi anastahili sifa yake.

Wanaomtetea Heezen wana hoja nyingine nzito. Ramani ya Atlantiki ya Kaskazini ya mwaka 1957 ina jina la Tharp, na kitabu cha mwaka 1959 kuhusu sakafu ya bahari hiyo kina majina matatu, lake likiwa la pili, mbele ya la Ewing. Ewing na Heezen walipogombana katika miaka ya 1960, Tharp alipoteza kazi, na Heezen ndiye aliyehakikisha anaendelea kulipwa kwa fedha za miradi yake huku akichorea nyumbani kwake South Nyack. Mwizi hafanyi hivyo.

Lakini ugunduzi ulipotangazwa mwaka 1956, waliotangaza walikuwa Ewing na Heezen. Jina la Tharp halikuwamo. Hapa naona dhuluma, na naiona zaidi katika kanuni kuliko katika roho ya mtu mmoja. Kanuni ilisema: aliyekwenda baharini ana data, mwenye data ana ugunduzi, aliyekaa mezani ni mchoraji. Ukimzuia mtu kupanda meli, kisha ukasema ugunduzi ni wa waliopanda meli, umemfungia mlango mara mbili. Nimewahi kuwa msaidizi wa utafiti. Nilijaza madaftari ya vipimo vya visima kwa miezi mitatu na nikawa wa kwanza kuona kwamba chumvi ilikuwa inaongezeka upande mmoja wa kijiji. Ripoti ilipotoka nilikuwa kwenye ukurasa wa shukrani. Hakuna aliyenichukia. Ndivyo fomu ilivyokuwa.

Kuna hoja moja dhidi ya Tharp ambayo mashabiki wake huipita haraka, nayo ni kwamba sehemu kubwa ya ramani zake ni makadirio. Kati ya njia moja ya meli na nyingine kulikuwa na maeneo makubwa yasiyopimwa. Mwenyewe alisimulia kwamba alitamani kujaza sehemu tupu kwa nguva na meli zilizozama, kama wachoraji wa zamani. Heezen akakataa, wakafunika pengo kwa kisanduku kikubwa cha maelezo. Je, hiyo ni sayansi au sanaa? Tukumbuke kwamba jeshi la wanamaji la Marekani lilizuia kuchapishwa kwa vipimo halisi vya kina, kwa hiyo njia iliyobaki ilikuwa kuchora sura ya milima na mabonde kama mtu aonavyo akiwa juu angani. Na kukadiria kwake kulitokana na kujua jiolojia. Tazama kilichodumu: Heezen aliutumia ufa huo kutetea wazo kwamba dunia inatanuka kama puto, wazo lililoanguka. Ufa uliochorwa na Tharp ulibaki pale pale, na tektoniki ya mabamba, yaani nadharia kwamba ganda la dunia limegawanyika vipande vinavyosogea, ikaja kuuelezea vizuri zaidi.

Heezen alifariki mwaka 1977 akiwa ndani ya nyambizi karibu na Iceland. Mwaka huo huo ramani yao ya sakafu ya bahari zote, iliyopakwa rangi na Heinrich Berann wa Austria, ilikamilika. Tharp alitunza nyaraka za kazi yao, na mwishowe akazikabidhi Maktaba ya Bunge la Marekani, ambayo mwaka 1997 ilimtaja miongoni mwa wachora ramani wanne wakubwa wa karne ya 20. Alipoulizwa uzeeni, alisema hana kinyongo, kwamba alipewa turubai tupu ya ukubwa wa dunia na hiyo ilimtosha. Namwamini. Lakini kinyongo kilikuwa chake kukiacha. Tangazo la 1956 bado lina majina mawili, na waliokuwa wanajua ni watatu.