Futa diski inapotoka, si inapoingia

Rafu mpya yenye diski 12 imeshafungwa, kebo za SAS zimechomekwa, taa ya kila tundu inawaka kijani. Ukifika wakati wa kuziingiza diski hizo kwenye safu iliyopo, yaani diski zinazofanya kazi pamoja kama hifadhi moja, nne zinagoma. Kontrola ya aina ya MegaRAID, kadi inayosimamia safu, inaziwekea herufi F kwenye kolamu ya DG (kundi la diski), yaani Foreign, diski ngeni. Kwenye Linux, mdadm, zana ya safu za programu ziitwazo md, inajibu kwamba kifaa kinatumika, ilhali hakuna aliyekigusa. Kwenye ZFS, mfumo wa faili unaosimamia diski wenyewe, `zpool import` inaorodhesha kundi lenye hali ya UNAVAIL na jina ambalo hakuna anayelikumbuka. Diski zenyewe ni nzima. Shida ni kwamba zimewahi kuishi kwingine na bado zimebeba metadata, yaani maelezo ya usanidi, ya huko.

Mafundi wa hifadhi wamegawanyika juu ya hatua inayofuata. Wapo wanaosema futa papo hapo: diski iliyotoka stoo haina chochote chako ndani yake, kuichunguza ni kupoteza muda. Wengine wanasema usiguse hata sekta moja mpaka ujue ni ya nani, kwa sababu hiyo alama ya F ndiyo komeo la mwisho kati ya data na mkono wenye haraka. Kila upande una hoja nzito, na kila upande una pengo lake.

Wanaotaka kufuta mara nyingi hawajui wanafuta nini. Kila mfumo huandika lebo zake pale unapoona panafaa. Supabloku, yaani lebo ya safu, ya md toleo la 1.2 hukaa KiB 4 kutoka mwanzo wa diski, ya 1.1 hukaa mwanzoni kabisa, za 1.0 na 0.90 hukaa mwishoni. LVM, msimamizi wa sehemu za diski wa Linux, huandika LABELONE kwenye mojawapo ya sekta nne za kwanza, kwa kawaida ya pili. GPT, jedwali la patisheni, ina nakala mbili, moja mbele na nyingine kwenye sekta 33 za mwisho. DDF, muundo wa SNIA unaotumiwa na kontrola nyingi za RAID, huweka kichwa chake kwenye sekta ya mwisho kabisa. ZFS huandika lebo nne za KiB 256 kila moja, mbili mwanzoni na mbili mwishoni.

Sasa mchukue fundi anayeandika sifuri kwenye MiB 1 ya mwanzo na kuhesabu kazi imekwisha. Ameondoa md 1.2, ameondoa LVM, ameondoa nusu ya GPT. DDF ipo vilevile, na md 1.0 ipo vilevile. Kwa ZFS hajagusa hata lebo moja: OpenZFS kwenye Linux, ikipewa diski nzima, huigawa yenyewe, patisheni ya kwanza ikianzia sekta ya 2048, ambayo ni MiB 1 kamili kutoka mwanzo. Mwishoni huweka patisheni ya 9 yenye MiB 8. Kwa hiyo lebo za nyuma ziko zaidi ya MiB 8 kabla ya ukingo wa diski, na anayefuta MiB 1 ya mwisho naye anazikosa. Siku diski ikigawanywa upya, patisheni mpya huanzia MiB 1 tena, kwa kuwa huo ndio mpangilio wa kawaida wa zana karibu zote, na lebo mbili za mbele zinajikuta zimerudi mahali pake halali. Mzimu umepewa nyumba. Ndiyo maana `zpool labelclear -f /dev/sdX` mara nyingi haisaidii. Kilichopaswa kutajwa ni `/dev/sdX1`, tena kabla jedwali la patisheni halijafutwa.

Ceph, mfumo wa hifadhi iliyosambazwa kwenye seva nyingi, nayo ina ujanja wake. Matoleo ya karibuni ya BlueStore, sehemu yake inayoandika kwenye diski, huweza kuweka nakala za lebo si mwanzoni tu, bali pia kwenye GiB 1, 10, 100 na 1000. Hizo hazifikiwi na ufutaji wa kichwa na mkia. `ceph-volume lvm zap --destroy` ndiyo njia yake.

Hoja ya wafutaji inapata nguvu hasa ukiangalia madhara ya kuacha mabaki. Linux haingoji ruhusa: udev, huduma inayotambua vifaa, ikiona supabloku ya md, huanza kuunganisha safu yenyewe, na diski yako mpya inajikuta ndani ya `/dev/md127` iliyo nusunusu. Ndiyo maana ya lile jibu kwamba kifaa kinatumika. Ukiunda mfumo wa faili wa XFS juu ya diski yenye mabaki ya ZFS, huenda ikakubali leo na kukataa kupachikwa kesho, kwa sababu blkid, zana inayotambua kilichomo kwenye diski, inaona alama mbili na haiko tayari kuchagua. Kosa la aina hiyo hujitokeza wakati seva inawaka upya, miezi baada ya upanuzi, wakati aliyeifanya kazi hayupo zamu.

Lakini kufuta diski nzima kuna gharama yake. Diski ya TB 16 ikiandikwa kwa wastani wa MB 200 kwa sekunde inachukua saa 22 na ushei. Diski 12 sambamba zinachukua muda huohuo ikiwa HBA (kadi inayounganisha diski na seva) inamudu MB 2400 kwa sekunde, lakini hakuna anayefungua dirisha la matengenezo la saa 22. Ndipo watu wanaporudi kwenye MiB 1 ya mwanzo.

Upande wa pili, wa wanaosoma kwanza, unasimama juu ya ajali moja ambayo kila anayepanua rafu anapaswa kuiogopa. Kuchomeka rafu mpya kunaweza kuitikisa ya zamani. Kebo inachomolewa kidogo, ekspanda (kigawanyaji cha njia za SAS) inaanza upya, umeme wa tundu unayumba, na diski tatu za safu inayofanya kazi zinapotea kwa sekunde chache kisha zinarudi. Zinaporudi, kontrola haizitambui tena kama zake. Inaziwekea nini? F, herufi ileile. Fundi aliyekuja kuongeza diski nne ngeni sasa anaona saba. Na `storcli /c0/fall del`, amri ya kontrola ya kufuta usanidi mgeni, haichagui. Inafuta usanidi wa zote kwa mkupuo. Diski nne zimekuwa safi kama alivyotaka, na safu ya RAID 6 imepoteza wanachama watatu katika mpangilio unaostahimili kupoteza wawili.

Hao wanaosoma kwanza wana haki hapo. Ila kusoma nako kuna mtego. Fundi anayeona diski zake tatu zimekuwa ngeni hukimbilia kuzirudisha, yaani kuagiza usanidi badala ya kuufuta. Kama zote ziliondoka kwa pamoja, hiyo ndiyo dawa. Kama moja iliondoka Jumatatu na mbili zikafuata Alhamisi, ile ya Jumatatu ina data ya siku tatu nyuma, na kuichanganya na wenzake kama mwanachama halali ni kuharibu kilichobaki. Hiyo iachwe nje mpaka safu isimame, kisha irudi kwa kujengwa upya. Mpangilio wa matukio unapatikana kwenye `storcli /c0 show events`, na matokeo yanaweza kuonwa kabla ya kutekelezwa kwa `storcli /c0/fall import preview`. Kwenye md kazi hiyo hufanywa na namba ya Events ndani ya `mdadm --examine`: diski yenye namba ndogo ndiyo iliyotoka mapema. Kisha linganisha Array UUID na ile ya `mdadm --detail /dev/md0`. Zikifanana, hiyo si diski ngeni hata kidogo.

Ukitaka kuthibitisha kwa macho yako, soma sekta yenyewe. `dd if=/dev/sdX bs=4096 skip=1 count=1 | hexdump -C | head` ikianza na `fc 4e 2b a9`, hiyo ni md 1.2. Sekta ya mwisho ikianza na `de 11 de 11`, hiyo ni DDF. Namba ya sekta hiyo ni jibu la `blockdev --getsz /dev/sdX` ukitoa moja, kwa kuhesabu sekta za baiti 512. Kipimo hiki kina maana ikiwa diski iko kwenye HBA ya kawaida. Nyuma ya kontrola ya RAID, hata kwa diski moja iliyofungwa kama RAID 0, mfumo wa uendeshaji hauoni mkia halisi wa diski, kwa kuwa kontrola imejitengea eneo lake. Wipefs, zana ya kufuta alama za diski, ikimaliza kwa mafanikio hapo, DDF haijaguswa.

Wafutaji huwa na jibu moja la mwisho: diski tupu haimtishi mtu. Hapana. Kwenye Ceph inayosimamiwa na cephadm, zana yake ya usimamizi, kwa `--all-available-devices`, diski isiyo na patisheni, LVM wala mfumo wa faili ni mwaliko. Ukiisafisha ili uipeleke kwingine, inaweza kuchukuliwa na kufanywa OSD (diski ya kazi ya Ceph) tena kabla hujafika kwenye tundu. Sharti kwanza uzime kwa `ceph orch apply osd --all-available-devices --unmanaged=true`.

Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinabishana juu ya chumba kisicho sahihi. Zote zinachukulia kwamba uamuzi unafanyika mbele ya safu inayofanya kazi, diski ikiwa tayari ndani ya tundu. Pale ndipo mahali pabaya kuliko pote pa kuamua, kwa sababu ngeni ya kweli na mwanachama aliyeteleza wanavaa sare moja. Diski ifutwe inapotoka kwenye safu ya zamani, kwenye mashine ya pembeni yenye HBA isiyo na RAID, ambako saa 22 hazimsumbui mtu. Faida yake si usafi tu. Kama kila diski inayoingia ni tupu, basi F inayoonekana wakati wa upanuzi ina maana moja tu: ni diski yako mwenyewe, acha kila kitu, angalia kebo. Alama iliyokuwa kelele inarudi kuwa taarifa.

Kwenye mashine hiyo ya pembeni, mpangilio wa kazi una uzito wake. Anza na `lsblk` na `cat /proc/mdstat`. Simamisha kilichojiunganisha chenyewe kwa `mdadm --stop /dev/md127`. Kama kuna LVM, izime kwa `vgchange -an`. Futa watoto kabla ya mzazi: `wipefs -a` kwa kila patisheni, kisha kwa diski nzima. Ukianza na diski nzima, jedwali linaondoka na lebo zilizo ndani ya patisheni zinabaki mahali zilipo, bila mlango. Kumbuka pia kwamba wipefs hufuta alama za utambulisho tu. Kwa hiyo, kabla ya wipefs, kwa ZFS tumia labelclear, kwa md tumia `mdadm --zero-superblock`, kisha rudia `mdadm --examine` mpaka iseme hakuna supabloku. Malizia na `sgdisk --zap-all`, na `wipefs -n` isiyotoa mstari hata mmoja. Diski ikikaa muda, andika sifuri nzima. Kwa SSD `blkdiscard -z` hutoa uhakika ambao blkdiscard peke yake haiutoi, kwani si kila SSD husoma sifuri baada ya kuachia bloku.

Hapohapo hunaswa yale yanayofanana na metadata lakini siyo. Diski zilizofomatiwa kwa sekta za baiti 520 huandikiwa kwenye logi ya kernel `Unsupported sector size 520`; hizo hazifutwi, zinafomatiwa upya kwa `sg_format --format --size=512`, kazi ya saa kadhaa isiyopaswa kukatishwa. Na jibu la reservation conflict ni kufuli la SCSI lililoachwa na klasta ya zamani, husomwa kwa `sg_persist --in --read-keys`.

Njia hii ina mapengo mawili ya kweli. Diski ikifutwa siku ileile data ilipohamishwa, umeteketeza njia ya kurudi kabla hujahakikisha nakala mpya inasomeka. Iwekwe rafuni ikiwa na tarehe mpaka uhakiki ukamilike. Na diski ya dharura usiku wa manane, ikitoka kwenye boksi lisilojulikana, haitapita kwenye mashine ya pembeni. Hapo kabla ya kuisukuma ndani, andika orodha ya namba za mfululizo za diski zote zilizo kwenye safu, zima uagizaji wa kujiendea kwa `storcli /c0 set foreignautoimport=off`, na ingiza moja kwa wakati. `storcli /c0/fall show all` ikitaja diski moja, na namba yake haimo kwenye orodha, futa. Ikitaja mbili, chomoa uliyoiingiza na uhesabu upya.