Anayechimba Chini ya Nyumba ya Mtu Ndiye Athibitishe

Hakuna handaki lisiloshusha ardhi iliyo juu yake. Lichimbwe kwa sururu au kwa mtambo wa mabilioni, lipite chini ya London au chini ya bonde letu la Nakivubo, ardhi itashuka tu. La kuuliza ni itashuka milimita ngapi, na chini ya nyumba ya nani. Hapa Kampala ukuta ukipasuka kando ya mradi utasikia yale yale: ajali, bahati mbaya, mapenzi ya Mungu, nyumba ilikuwa kuukuu. Mwenyezi Mungu anasingiziwa mengi. Kushuka kwa ardhi mhandisi hukupigia hesabu mezani kabla koleo la kwanza halijaingia udongoni, na hasara iliyojulikana mapema ina mwenyewe.

Hesabu yenyewe si siri. Ukitoboa udongo, ule uliobaki husogea kuelekea uwazi: mbele ya mtambo, pembeni mwake, na kwenye upenyo mwembamba unaobaki kabla ukuta wa zege haujafungwa na kujazwa. Kwa hiyo mchimbaji huishia kutoa udongo mwingi kidogo kuliko nafasi ya handaki lenyewe. Kazi nzuri kwenye udongo wa mfinyanzi hupoteza kama asilimia 1 ya ujazo wa handaki, na mitambo ya kisasa inayoshikilia uso wa udongo kwa shinikizo hupoteza pungufu ya hapo. Kazi ya ovyo hupita 2. Mwaka 1969 Ralph Peck, mhandisi wa Marekani, alionyesha kwamba upungufu huo hujitokeza juu kama bonde pana lenye umbo la kengele iliyopinduliwa, na mpaka leo wahandisi huanzia hapo.

Chukua handaki la kipenyo cha mita 6, kitovu chake kiwe mita 20 kwenda chini, ndani ya mfinyanzi, upotevu asilimia 1. Ardhi juu yake itashuka milimita 11 hivi. Nyumba nyingi hazitahisi kitu. Sasa lipandishe handaki lile lile hadi kina cha mita 10 na upotevu ufike asilimia 2: unapata milimita 45, tena katika bonde jembamba zaidi, kwa hiyo mteremko wake ni mkali. Handaki halijakua hata kidogo. Kilichobadilika ni kina na uangalifu, na vyote viwili huamuliwa na mchimbaji. Mwenye nyumba hana kauli hapo.

Tena nyumba haivunjwi na kushuka. Huvunjwa na kushuka kwa kupishana. Nyumba iliyokaa katikati ya bonde ikishuka yote kwa pamoja inaweza kutoka salama, mlango ukafungwa vizuri na bomba la maji lisikatike. Inayoumia ni ile ya ukingoni, kona moja imeshuka na nyingine imebaki juu. Hapo ukuta unapinda kama mtu aliyelala juu ya gogo, sehemu ya juu inavutika, na tofali halijui kuvutika. Wahandisi Skempton na MacDonald waliandika mwaka 1956 kwamba kuta zilizojazwa ndani ya fremu ya zege huanza kupasuka pale tofauti inapofikia 1 kwa 300, yaani milimita 20 katika urefu wa mita 6. Nyumba zetu za Kisenyi na Katwe, tofali la kuchoma juu ya msingi wa mawe, bila fremu, hazingoji mpaka hapo.

Mtu ataniambia: lakini Kampala haina reli ya chini ya ardhi, unatuogopesha na handaki gani? Kweli, mahandaki makubwa ya Uganda yako Karuma, kwenye mwamba mgumu kando ya Nile: kituo cha umeme cha megawati 600 kilichozikwa ardhini, na mahandaki mawili ya kutoa maji, kila moja zaidi ya kilomita 8. Kule hakuna duka la mtu juu yake. Kazi ya kusifiwa, lakini haitufundishi lolote kuhusu ukuta wa jirani.

Handaki la Kampala kwa sasa limesimama wima. Ni shimo la maegesho ya magari chini ya arkedi mpya, jengo la maduka. Kiwanja ni kidogo, bei ya ardhi inaua, kwa hiyo mwenye jengo anashuka orofa mbili au tatu chini, na shimo linachimbwa hatua chache tu kutoka msingi wa mwenzake. Ardhi haijali kama uwazi umelala au umesimama. Katika andiko lile lile la 1969 Peck alishughulikia na mashimo pia: kwenye mfinyanzi laini, ardhi inaweza kushuka hadi umbali wa mara mbili au tatu ya kina cha shimo. Chimba mita 10, na aliye mita 25 kutoka ukingoni tayari ni jirani yako, hata kama kati yenu kuna barabara na kituo cha boda boda.

Halafu kuna maji, na hapa ndipo naona mji wetu umejisahau kabisa. Juu ya vilima vyetu kuna murramu, udongo mwekundu unaosimama vizuri. Bondeni, kuelekea Nakivubo, Lubigi na Kinawataka, ni mfinyanzi wa kijivu na matope ya mafunjo yaliyooza, na maji yako karibu na juu. Mchimbaji akifika hapo anawasha pampu usiku na mchana ili shimo likauke. Maji yanayotoka hayakuwa ya shimo lake peke yake. Yalikuwa yamebeba sehemu ya uzito wa mtaa mzima. Yakiondoka, matope yanajibana, na nyumba inashuka hata kama ukuta wa shimo haujasogea. Kwa kuwa wenye nafasi walijenga vilimani na wengine wakabaki mabondeni, si vigumu kujua ni kuta za nani zinazopasuka kwanza.

Ng'ambo wameyaona kwa gharama kubwa. Köln, Ujerumani, tarehe 3 Machi 2009, maji na mchanga vilipenya ukuta wenye kasoro wa shimo la reli ya chini. Jengo la nyaraka za mji likaporomoka pamoja na nyumba za jirani, watu 2 wakafa. Kolkata, mwishoni mwa Agosti 2019, mtambo wa handaki ulitoboa tabaka la maji chini ya mtaa wa Bowbazar, nyumba zikatitia, nyingine zikaanguka, watu kwa mamia wakahamishwa. Bowbazar inanigusa zaidi kuliko Köln: vichochoro, maduka chini na familia juu, kuta za matofali za zamani zinazoegemeana. Ukiwahi kupita Kikuubo, kichochoro chetu cha maduka, saa sita mchana huhitaji kuelezwa zaidi.

Kazi yangu ni kupima ardhi, kwa hiyo nyufa naletewa hata nisipoziomba. Kuna hajati mmoja, mwenye nyumba ya vyumba vinne na duka mbele, jirani yake alianza kuchimba upande wa nyuma. Kwanza mlango wa chumba cha wageni ukawa unagoma. Kisha ufa ukatoka kwenye kona ya dirisha, ukapanda kwa ngazi kufuata viungo vya matofali hadi kwenye mbao za paa, mwembamba chini na mpana juu. Msimamizi wa shimo alikuja, akautazama akiwa amesimama mlangoni, akasema: "Hajati, huu ulikuwepo siku nyingi."

"Ulikuwepo wapi, mwanangu? Ukuta huu nimeupaka rangi Idi iliyopita."

Nilisogea na tochi ya simu. Ufa wa zamani humeza rangi: ukichungulia ndani utaikuta imeingia, au vumbi jeusi, au utando wa buibui. Ule ulikuwa mwekundu safi ndani, rangi ya kijani imekatika pande zote mbili kwa ukingo mkali. Ni mpya. Msimamizi hakubisha, ila alisema neno ambalo ndilo limenifanya niandike: "Haya, thibitisha basi kwamba ni sisi."

Hapo ndipo pamepinda. Mama mwenye duka la sabuni na kanga anatakiwa athibitishe mwendo wa udongo ambao hakuusababisha, kwa vifaa asivyo navyo, dhidi ya mtu mwenye mhandisi, ramani, na ripoti ya udongo aliyoilipia mwenyewe. Naona mzigo huo ugeuzwe. Anayechimba ndiye anayejua kina, ndiye mwenye hesabu, ndiye atakayekusanya kodi ya maegesho. Athibitishe yeye kwamba ufa si wake, na akishindwa, alipe.

Kuthibitisha kwenyewe ni rahisi mno ukianza mapema. Tuna Sheria ya Udhibiti wa Ujenzi ya 2013, tuna bodi ya taifa ya kukagua majengo, tuna kamati za majengo zinazotoa vibali. Kwenye kibali cha shimo refu au handaki lolote ningetaka kiambatanishwe kitu kimoja: rekodi ya kila nyumba iliyo ndani ya eneo linaloweza kushuka, iliyochukuliwa kabla ya kuchimba. Picha ya kila ukuta, ndani na nje. Kila ufa uliopo upimwe upana. Misumari ya vipimo kwenye kuta, kimo chake kisomwe kwa levo, darubini ya kupimia usawa, kutoka alama iliyo mbali na shimo, maana alama ikiwa karibu itashuka pamoja na nyumba na kukudanganya. Mwenye nyumba asaini, mwenyekiti wa LC 1, baraza la mtaa, ashuhudie. Baada ya hapo kipimo kinarudiwa kazi ikiendelea, na kiwango cha kushuka ambacho kikifikiwa pampu zinasimamishwa kinajulikana na wote.

Wajenzi wananiambia hii ni kuchelewesha maendeleo. Mimi sipingi mashimo. Mji usioweza kupanuka pembeni lazima ushuke. Lakini gharama ya kupima nyumba jirani ni ndogo sana ukiilinganisha na ya ukuta wa kuzuia udongo, na rekodi hiyo inamlinda hata mchimbaji. Wapo watu, tusidanganyane, ambao nyumba zao zilipasuka tangu enzi za Amin na wanangoja tingatinga la jirani wapate wa kumbambikia.

London walipochimba njia ya Jubilee, iliyomalizika mwaka 1999, walipita karibu na mnara wa saa wa Bunge. Walikuwa wameufunga vipimo mapema, na kadiri kazi ilivyosonga walidunga saruji ya majimaji chini ya msingi wake kupitia mabomba ili kufidia ardhi iliyopotea. Hawakungoja uiname kwanza ndipo waulizane ulikuwaje jana. Najua hajati hana mnara. Lakini kilichowaokoa hapo mwanzo kilikuwa kumbukumbu ya vipimo, na hiyo haihitaji mashine ya saruji.

Wanaosema usipoziba ufa utajenga ukuta, naomba wanisubiri kidogo. Ufa uliotokana na shimo la jirani ukiuziba leo umezika ushahidi wako, na kesho utafunguka tena pale pale kwa sababu ardhi haijamaliza kushuka. Piga misumari miwili, mmoja kila upande wa ufa, pima umbali kati yake, andika tarehe ukutani kwa penseli, piga picha. Rudia kila Jumapili. Plasta ije mwisho.

Jambo moja zaidi kwa watu wa kibanja, waliojenga kwenye ardhi yenye hati ya mtu mwingine. Wengi hunyamaza wakidhani asiye na hati hana la kudai. Sheria ya Ardhi ya 1998 inamtambua mwenye kibanja, na nyumba aliyoijenga juu yake ni yake hata kama ardhi ni ya mailo, yenye hati ya mwingine. Kwa hiyo rekodi iandikwe kwa jina la anayeikalia nyumba, na nakala ibaki mkononi mwake.

Na kipimo cha kwanza kisiwe kimoja. Mfinyanzi hupanda mvua zikinyesha na kushuka jua likikaza, hata bila shimo la mtu yeyote. Kichukuliwe kimoja kiangazi na kingine mvua za Machi hadi Mei zikiwa zimekolea, ndipo ijulikane nyumba hupumua kiasi gani yenyewe. Mchimbaji mwenye haraka atalalamika kwamba hiyo ni miezi mingi. Kupata kibali na mkopo wa benki nako huchukua miezi. Apime huku akisubiri.