Sisi tuko chini ya setilaiti za TV kabisa
Nimesoma hii habari ya kampuni za setilaiti zinazozunguka chini kutaka vikomo vya nguvu ya mawimbi yao, vilivyowekwa Istanbul mwaka 2000 ili yasivuruge setilaiti za juu kama za TV, vilegezwe ili zitupe intaneti ya kasi, na watu wanashangilia tu, lakini jamani tufikirie Uganda iko wapi. Ikweta inapita pale Kayabwe barabara ya Masaka. Setilaiti za TV zimepangwa juu ya ikweta hiyo hiyo, kilomita 35,786 huko juu, na hizi za intaneti zinapita kwenye kilomita mia tano na kitu, kwa hiyo kwetu zinakatiza katikati ya dishi na setilaiti ya TV. Kibanda chetu cha mpira huku Koboko dishi liko juu ya bati, linaangalia mbinguni karibu wima, mvua ikianza tu picha inagandaganda, sasa ukiongeza na kelele za mawimbi ya mwingine itakuwaje?

Sipingi intaneti, dada yangu anafundisha kijijini ndani na mtandao wa simu haufiki, anaihitaji sana. Na kweli mahesabu ya vile vikomo ni ya zamani, mitambo imebadilika, yapimwe upya. Ila yapimwe na huku ikweta, sio Marekani peke yake, halafu UCC, wasimamizi wa mawasiliano wa Uganda, waende mkutano wa ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, Shanghai 2027 na vipimo vyetu mkononi, sio kwenda kukaa kusikiliza wakubwa wakigawana anga iliyo juu ya vichwa vyetu.