Nairobi Ipange Bajeti kwa Pesa Zilizopo

Miaka ya karibuni Kaunti ya Nairobi hujiandikia kwamba itakusanya karibu shilingi bilioni 20 kutoka kwa kodi ya ardhi, maegesho, leseni za biashara na mabango. Hadi mwaka wa fedha wa 2024/25, makusanyo hayo hayakuwa yamefika hata bilioni 15. Hata hivyo, bajeti inayofuata hutengenezwa kana kwamba bilioni 20 ziko benki.

Kwangu mimi, hapo ndipo ugonjwa ulipo. Safari za madiwani na semina za hotelini Mombasa zinaniudhi kama zinavyomuudhi kila mlipa kodi, na zipunguzwe. Lakini hata zikifutwa zote, pengo hilo litabaki. Sheria inataka bajeti isawazike, kwa hiyo matumizi yakizidi, njia rahisi ni kupandisha makadirio ya mapato. Kwenye karatasi hesabu inakubali, bunge la kaunti linapitisha, na zabuni zinaanza kutolewa.

Anayeumia ni msambazaji mdogo. Akipewa LPO, yaani hati ya kaunti ya kuagiza bidhaa au kazi, ya kupeleka dawa au kukarabati mtaro, huenda nayo benki akakopa, akanunua bidhaa, akafikisha na kutiwa sahihi. Kisha anaanza kufuatilia malipo City Hall. Anaambiwa vocha iko kwa mkaguzi, halafu iko hazina, halafu asubiri bajeti ya ziada. Juni 30, mwisho wa mwaka wa fedha, inapita, deni linavuka mwaka. Riba ya benki haisubiri, na dalali anakuja kuchukua gari lake. Watu hawa walifanya kazi waliyoagizwa, na ni dhuluma kuwaacha hivyo.

Malimbikizo ya madeni ya Nairobi yamepita bilioni 80, karibu nusu ya madeni ya kaunti zote 47. Ni kweli sehemu yake ilirithiwa kutoka Baraza la Jiji mwaka 2013. Lakini magavana wote waliofuata, pamoja na NMS, taasisi ya serikali kuu iliyoendesha huduma kuu za jiji kuanzia 2020 hadi 2022, waliikuta shida na hawakuimaliza. Wakati huohuo mishahara inameza pesa zinazopatikana, na ile asilimia 30 ambayo sheria ya fedha za umma ya 2012 inatengea maendeleo haifikiwi.

Ninachoomba kinawezekana hata mwaka huu. Makadirio ya mapato ya ndani yasizidi kilichokusanywa kweli mwaka uliotangulia. Kaunti ikikusanya zaidi, ziada hiyo iingie kwenye bajeti ya ziada, tena ilipe madeni yaliyohakikiwa kwanza, kuanzia ya wasambazaji wadogo. Kanuni za 2015 za fedha za kaunti tayari zinasema ulipaji wa madeni uwe wa kwanza kutolewa kwenye mfuko wa mapato ya kaunti. Na LPO isitolewe kabla afisa wa hazina hajathibitisha kwa sahihi yake kwamba pesa za kuilipa zipo.