Mtu aliyekulia kwenye hela utamjua akikosea

Kila siku naona watu mtandaoni wanabishana jinsi ya kumjua mtu aliyetoka familia yenye nazo, na wengi wanaanzia kwenye saa, viatu, nguo zisizo na nembo, sijui anavyoongea taratibu. Mi naona wanaangalia sehemu siyo. Mchumi Thorstein Veblen alishaandika toka 1899 kwamba watu hununua vitu ili waonekane, na ni kweli mtu ambaye hela kaikuta nyumbani mara nyingi hana haraka ya kujionyesha, lakini hata huko kutojionyesha kunaigika, ukizipata leo kesho unanunua shati lisilo na nembo na hakuna atakayejua. Kisichonunulika ni jinsi mtu anavyokuwa pale jambo linapomwendea vibaya.

Chuo nilikaa chumba kimoja na kijana mmoja mpole, hana makuu kabisa, nguo zake za kawaida kuliko hata zangu. Siku moja laptopu yake ikaanguka, kioo kikapasuka chote. Akaiokota, akaigeuzageuza, akasema "daah, itabidi niipeleke kwa fundi", kisha akaendelea na stori pale pale alipoishia. Usiku ule mi ndo niliyekosa usingizi, napiga hesabu za laptopu isiyo yangu, maana nyumbani kwetu kitu kikivunjika nyumba nzima ilikuwa inanyamaza hata kabla mtu hajagombezwa, kila mmoja anajua hela ya kukitengeneza inatolewa kwenye kitu gani na nani atakosa nini. Yule kijana hakuwa mzembe, nataka nieleweke hapo. Ni kwamba toka utotoni kwake kosa lilikuwa kosa tu, lina gharama yake, linalipwa, linaisha. Kwetu halikuwa linaisha.

Dalili ya pili inatoka humo humo, nayo ni kuomba. Huyo huyo aliumwa siku mbili kabla ya kukusanya kazi, akaenda kwa mhadhiri akamwambia naomba wiki moja zaidi, akapewa. Sikujua kama kitu hicho kinaombwa! Mi nilishawahi kukusanya kazi nikiwa na homa, mikono inatetemeka, kwa sababu kichwani mwangu tarehe ikishabandikwa imebandikwa, na mkubwa hasumbuliwi. Miaka mingi baadaye ndo nikaja kusoma kuhusu mwanasosholojia Annette Lareau, ambaye alizifuatilia familia za Marekani kwa ukaribu sana na akachapisha kazi yake 2003, na kuna sehemu haijanitoka mpaka leo, mama yuko kwenye gari anampeleka mwanae kwa daktari, anamwambia fikiria maswali utakayomuuliza, uliza chochote. Na mtoto akafika akauliza kweli. Yaani anafundishwa kwamba daktari yuko pale kwa ajili yake! Kwenye familia za wafanyakazi wa kipato cha chini Lareau aliona tofauti, watoto na hata wazazi wenyewe wakiwa wanyenyekevu na wenye wasiwasi mbele ya watu wa ofisi. Niliposoma hapo nilimwona mama yangu kabisa, anaitikia kila anachoambiwa halafu tukitoka nje ananiuliza mimi, "kwani alisemaje?"

Kuna nyingine ndogo ndogo, ametibiwa meno kabla hayajauma, hatunzi waya na maboksi kwa kuwa huenda siku moja yakahitajika, halafu muulize ada yake ya shule ilikuwa shilingi ngapi, hajui. Mi ya kwangu nakutajia muhula kwa muhula na kilichobaki.

Na subira. Hii inaniuma zaidi kwa sababu tunaambiwa ni tabia, kwamba maskini hawezi kusubiri, akipata anatumia. Kuna lile jaribio maarufu la mwanasaikolojia Walter Mischel la mtoto kuwekewa pipi moja na kuambiwa akivumilia bila kuila ataongezewa ya pili, likageuzwa kuwa kipimo cha nani atafanikiwa maishani. Mwaka 2013 watafiti wakalifanya kwa namna nyingine, kwanza wakawaahidi watoto vifaa vizuri vya kuchorea, kundi moja wakaletewa kweli, kundi la pili wakaambiwa samahani havipo. Ndipo ikaja pipi. Walioletewa walivumilia kwa wastani dakika 12, waliovunjiwa ahadi dakika 3 hivi. Watoto walikuwa 28 tu, sawa, ni wachache, ila mtu aliyelelewa kwenye nyumba ambayo "mwezi ujao" haufiki hahitaji kuelezwa sana hapo.

Najua kuna watu wamelelewa kwenye hela na hofu tele, na kuna nyumba zisizo na kitu ambazo mtoto anakua ametulia. Sina kinyongo na yule rafiki yangu, alivyokua ndivyo ningependa kila mtoto akue. Kinachonikera ni sisi tukiukuta huo utulivu ofisini tunauita kipaji.

Nimewahi kukaa kwenye kamati ya kuajiri. Wa kwanza kaingia, akaulizwa swali gumu akasema "hilo silijui, ila ningeanza hivi", akaegemea kiti, akatuuliza na sisi maswali yake. Wa pili aliomba radhi mara tatu kabla hajakaa, akawa anajibu haraka haraka kama mtu anayefukuzwa, na alipokosea jibu moja akapotea moja kwa moja, sauti ikashuka. Kwenye karatasi mwenzangu kaandika neno moja, "hajiamini". Nikaomba tuchukue mtihani wa kuandika tuuangalie upya, wa pili alikuwa kamzidi wa kwanza, tena siyo kidogo, na kazi yenyewe ilikuwa ya kukaa na kuandika. Nikabishana nao mpaka jioni, nikashindwa, akachukuliwa wa kwanza. Kesho yake yule wa pili alituandikia ujumbe, anashukuru kwa muda wetu na anaomba radhi kama kuna sehemu alitusumbua.