KITT Alikuwa na Mdomo, Si Injini

Kila asubuhi nikiwasha gari, mwanamke ananisemesha Kijapani. Wenye magari ya mtumba kutoka Japani mnamjua huyu. Analalamika kwamba sijachomeka kadi ya kulipia barabara za kwao. Mwaka wa sita huu wimbo ni ule ule, na kadi sina, na barabara hizo sitazipita maishani. Mke wangu kampa jina: mke mwenza.

Ndiyo maana mtu akinisifia magari ya siku hizi kwamba yanaongea, mimi namkumbuka KITT, gari lililoongea katika tamthilia ya Knight Rider.

Waliolelewa na kanda za video watanielewa. Pontiac Firebird Trans Am nyeusi tii, pua ndefu, na taa nyekundu puani ikikimbia kushoto kulia kama jicho linalomtafuta mdeni. Knight Rider ilirushwa na kituo cha NBC cha Marekani kuanzia 1982 hadi 1986, David Hasselhoff akiwa Michael Knight. Sisi watoto tulibishania kasi tu. Kitufe cha Turbo Boost kikibonyezwa, gari linaruka lori, na ubishi unaanza upya.

Ukubwani nikaja kusoma namba zenyewe. Aibu tupu. Trans Am ya 1982, na V8 yake, yaani injini ya silinda nane, ya lita 5, ilitoka kiwandani na nguvu farasi 145. Ukiongeza pesa ukachukua yenye injini bora zaidi mwaka huo, unapata 165. Mark X ya cc 2500, hizi tunazopishana nazo kila siku, inavuka 200. Sheria za moshi na mafuta kupanda bei miaka ya 1970 viliikaba koo V8 ya Kimarekani. Trans Am ya kwanza kabisa, ya 1969, iliandikiwa 335, ingawa wakati ule injini ilipimwa ikiwa benchini, haijabebeshwa mizigo yake yote, kwa hiyo hata hiyo 335 ina chumvi.

Umbo, lakini, silibishi. Kioo cha mbele kimelala, taa kubwa zimejificha mpaka uziwashe ndipo zinyanyuke. Limeegeshwa tu na bado unadhani linakimbia. Na waliolitengeneza kwa ajili ya televisheni hawakulibandika yule ndege mkubwa ambaye Trans Am nyingi za miaka ya 1970 zilimbeba kwenye boneti, ambaye Wamarekani wenyewe walimtania kuwa ni kuku anayepiga makelele. Afadhali.

Ila kilichonifanya nimpende KITT ni ile sauti. Aliyeitoa ni William Daniels, ambaye hakutaka jina lake liandikwe kwenye orodha ya waigizaji, na halikuandikwa. Miaka hiyo hiyo alikuwa akiigiza daktari bingwa wa upasuaji, mkali na mwenye maringo, katika St. Elsewhere, hapo hapo NBC, na kazi hiyo ikampa tuzo ya Emmy mara mbili, 1985 na 1986. Sikiliza KITT vizuri utamsikia daktari yule: mtu mzima, msomi, kapangiwa safari na kijana asiyesikia. Anaonya. Anabisha. Akidharauliwa ananuna, na kijana inabidi ambembeleze.

Halafu wakamletea KARR, gari la umbo lile lile na akili ile ile, tofauti ikawa moja tu: KITT kaumbwa alinde uhai wa binadamu, KARR ajilinde mwenyewe. Kwangu mimi hilo ndilo wazo bora kuliko yote katika tamthilia nzima, na tulilipita mbio tukisubiri gari liruke.

Wanaofunga ile taa nyekundu mbele ya magari yao wamenunua jicho wakaacha mdomo. Na wanaotuuzia magari yanayoongea leo nao wametuuzia mtumishi: mwambie apunguze kiyoyozi, atapunguza, mwambie ampigie shemeji, atapiga. Hakuna hata moja litakalokwambia, "Michael, huu ni upumbavu."

Najua, KITT naye hakuwa akijiendesha. Kwenye picha za gari lisilo na mtu, dereva alikuwa amekaa ndani ya kiti, kavikwa ganda lililofanana na kiti chenyewe, anachungulia barabara humo humo. Nilipojua hilo sikukasirika hata kidogo. Nilicheka, nikamhurumia kwa joto.

Juzi nimepeleka gari kwa fundi, kalisikia likiongea, akasema waya wa yule mama anaukata dakika tano, elfu kumi tu. Nikamwambia amwache. Kunisikiliza hanisikilizi, lakini angalau hanitii.